Sange, Ngiri na Uji wa Darasa la Kwanza

Hadithi iko mafigani.

*Ipakue.*

Ni ya moto.

*Tutapuliza.*

Ni kidogo.

*Tutagawana.*

Sogeeni basi, mkae vizuri. Wewe uliyekalia mguu wa mwenzako, mwachie mguu wake. Anayetaka kwenda msalani aende sasa hivi, asije akaninyanyukia katikati ya hadithi. Hakuna? Mna uhakika? Haya.

Palikuwa na siku ambazo wanyama walikwenda shule na watu ndio waliozurura porini. Siku hizo, pale mto unapopinda, palikuwa na darasa moja la matete na udongo, lenye ubao mmoja, chaki moja iliyobaki kama jino la mtoto, na mwalimu mmoja aliyechoka. Mwalimu huyo alikuwa Korongo. Miguu mirefu, shingo ndefu, uvumilivu mfupi.

Msifikiri Mwalimu Korongo alizaliwa amechoka. Alichoshwa. Sikilizeni alivyochoshwa.

Asubuhi akiingia, darasa linasimama.

"Shikamoo, mwalimu."

"...moo, mwalimu," anamalizia Kobe, ambaye kila siku alikuwa nyuma ya wenzake kwa neno moja.

"Marahaba. Kaeni."

"Marahaba, kaeni," linasema darasa, limesimama vilevile.

"Hilo msirudie. Kaeni tu."

"Hilo msirudie, kaeni tu."

"...eni tu."

Mwalimu anafumba macho. Anavuta pumzi kwa shingo yote ile. Anafumbua macho, darasa bado limesimama.

Kosa lilikuwa lake mwenyewe, na alilijua. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia watoto: nikisema, semeni. Somo hilo likawaingia vizuri mno, likajaa, likaziba mlango, na somo jingine halikupata pa kupita.

"Ba," anasema Mwalimu, fimbo ya kuonyeshea ikigonga ubao. Ko.

"Ba," linasema darasa.

"Be." Ko.

"Be."

"Bi." Ko. "Mmeelewa?"

"Tumeelewa."

"Nimefundisha nini?"

"Nimefundisha nini."

"Nawauliza nyinyi."

"Nawauliza nyinyi."

"...za nyinyi."

Sasa huko nyuma kabisa ya darasa, kwenye dawati la wanafunzi watatu, alikaa mwanafunzi mmoja. Huyo ni Ngiri. Ngiri alikuwa darasa la kwanza tangu dawati lile lilipokuwa bado mti. Meno yamechomoza huku na huku, shingo nene kama gogo, na kichwani hamna hata bu. Kwenye somo la hesabu Mwalimu alimpa punje za mahindi za kuhesabia, kama wenzake.

"Ngiri, una punje tano. Nikichukua mbili, zinabaki ngapi?"

Kwaru kwaru kwaru, Ngiri anatafuna.

"Hazijabaki, mwalimu."

"Kwa nini hazijabaki?"

"Ulichelewa kuchukua."

Mwalimu anageukia ubao, mgongo umeelekea darasa.

Na kwa kuwa Ngiri alikuwa mkubwa kuliko wote, alifanywa kiranja. Na kwa kuwa alikuwa kiranja, upawa wa uji ulikuwa mkononi mwake. Hapo ndipo taabu ilipoanza, kwa hiyo acheni kuchezea mkeka mnisikilize.

Shule ile kila mtoto alikuja asubuhi na unga kidogo kutoka kwao. Digidigi alileta, Ngedere alileta, Kobe alileta ukafika mchana. Ngiri alileta tumbo. Mwalimu aliinjika sufuria pana mafigani nyuma ya darasa, akachanganya unga wa wote, uji ukachemka, bwe bwe bwe. Wakati wa mapumziko Mwalimu alikwenda kwenye kichuguu alichokiita ofisi, akanywa chai yake huko, na watoto wakapanga foleni mbele ya Kiranja.

"Tulieni," anasema Ngiri. "Kiranja anaonja kwanza. Naonja moto."

Anapiga magoti, anazamisha pua. Glu glu glu.

"Moto uko sawa. Naonja sukari."

Glu glu glu.

"Sukari iko sawa. Naonja ndimu."

"Hatukuweka ndimu, Kiranja," anasema Digidigi.

"Ndiyo maana naitafuta." Glu glu glu.

Ananyanyua kichwa, uji unamdondoka kidevuni. Sufuria linang'aa.

"Uji umeisha. Nendeni mkacheze."

Ikawa hivyo jana. Ikawa hivyo juzi. Ikawa hivyo hata siku ya mvua.

Katika foleni ile, mwisho kabisa, alisimama Sange. Sange mnamjua? Ni yule mnyama mdogo wa vichakani, mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza kama inatafuta kitu ilichokisahau. Sange alipenda shule. Msiniulize kwa nini, wapo watoto wa hivyo. Alikuwa anaijua ba, anaijua be, alikuwa ameikaribia bu, na usiku alilala akiwaza baada ya bu kuna nini.

Sange ndiye pekee aliyekwenda kushtaki.

"Mwalimu, uji hatupati. Kiranja anaumaliza kwa kuonja."

Mwalimu Korongo akaweka kikombe chini, akainuka, akaja mpaka mbele ya watoto.

"Watoto, ni kweli hampati uji?"

"Ni kweli hampati uji," likasema darasa.

"Msinirudie. Nijibuni. Uji mmepata?"

"Uji mmepata."

"...mepata."

"Mmeshiba?"

"Mmeshiba."

Mwalimu akamtazama Sange kwa jicho moja, halafu kwa la pili.

"Nimechoka," akasema, akarudi kwenye kichuguu.

Jioni Sange akafika nyumbani. Mama yake akampapasa tumbo.

"Unga wangu umekwenda, tumbo limerudi tupu. Huko mnasoma au mnafukuzana na upepo?"

"Tunasoma, mama."

"Soma nikusikie."

"Ba," akasema Sange. "Be. Bi." Alipofika bo akakaa chini kwa njaa.

Mama yake akamwinua.

"Mwanangu, nimekuvumilia. Kesho nakupa unga kwa mara ya mwisho. Ukirudi tena na tumbo hili, shule basi. Utabaki hapa tuchimbue mchwa. Mchwa angalau hakuna wa kukuonjea."

"Mama, nimebakisha kidogo nifike bu."

"Bu hailiwi."

Ndiyo hivyo. Kesho uji, au kesho mwisho wa shule. Kuna mtu hajaelewa? Msiseme tumeelewa. Nyamazeni tu.

Asubuhi Sange akabeba unga wake, akaondoka mapema. Njiani akamkuta Ngiri amejilaza kwenye tope, anajigaragaza kabla ya vipindi.

"Shikamoo, kaka Kiranja."

"Marahaba, kijipua. Unga umeleta?"

"Nimeleta."

"Usiwe wa pumba kama wa jana. Ulinikwaruza koo."

"Huu ni mzuri, kaka. Ila nakuonea huruma."

Ngiri akaacha kugaragara. "Wewe? Unihurumie mimi?"

"Mkubwa kama wewe, kuonja. Umewahi kumwona Mwalimu akionja?"

Ngiri akafikiri. Kufikiri kulimchukua muda, tope likaanza kumkaukia.

"Mwalimu haonji," akasema. "Mwalimu anakunywa tu."

"Anakunywa tu. Amekunja miguu, hakuna anayemkodolea macho, hakuna wa kwenda kumshtaki. Na kwa nini? Kwa sababu ya fimbo. Mwenye fimbo haulizwi."

"Mimi nina upawa."

"Upawa ni wa mpishi, kaka."

Neno hilo likamchoma Ngiri. Akaketi, masikio yamelala.

"Mwombe Mwalimu fimbo wakati wa uji," akasema Sange. "Mwambie unataka kumpumzisha koo. Leo atakubali, jana alikohoa mpaka chaki ikadondoka."

Ngiri akamwangalia kwa upande. "Na wewe unapata nini hapo?"

"Mimi sijawahi kuuonja uji wa shule, kaka Kiranja. Kuna kitu gani tena cha mimi kupoteza?"

Ngiri akaona hilo ni kweli. Lilikuwa kweli.

Darasani, kabla ya mapumziko, ukaonekana mkono juu huko nyuma. Mwalimu Korongo aliuangalia mkono ule kama anaangalia moshi juu ya paa.

"Ngiri. Unaumwa?"

"Hapana, mwalimu. Naomba fimbo. Wewe ukapumzishe koo ofisini, mimi nitawafundisha hawa wakati wa uji."

Mwalimu akaitazama fimbo. Akalisikiliza koo lake. Akaifikiria chai yake, ambayo kila siku alikunywa sikio moja likiwa darasani. Tangu aanze kazi hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwambia apumzike. Macho yakamlowa kidogo.

"Chukua," akasema. "Watoto, Ngiri ndiye atakayeshika fimbo. Mwenye fimbo ndiye mwalimu. Mfuatisheni."

"Mfuatisheni," likasema darasa.

Hapo pua ndefu ikainuka mbele.

"Mwalimu, samahani. Tumfuatishe maneno tu, au na vitendo?"

"Vyote, Sange."

"Akiinama, tuiname?"

"Inameni."

"Na akipiga magoti?"

"Sange, mwanangu, hebu niache," akasema Mwalimu, sauti ikimkwaruza. "Akisema, semeni. Akifanya, fanyeni. Akiinama, inameni. Akipiga chafya, pigeni chafya. Atakayeacha kumfuatisha leo hatacheza wiki nzima. Nakwenda kunywa chai, na sitaki kuitwa."

"Sitaki kuitwa," likasema darasa.

"...taki kuitwa."

Basi. Mwalimu yuko kwenye kichuguu. Uji uko mafigani, bwe bwe bwe. Ngiri anakuja, fimbo kwapani, kifua mbele, na darasa zima linakuja nyuma yake, vifua mbele. Ngiri hakugeuka kutazama. Wenye fimbo huwa hawageuki.

"Leo sionji," akasema Ngiri.

"Leo sionji," likasema darasa.

"Leo nakunywa."

"Leo nakunywa."

Ngiri akapiga magoti. Darasa likapiga magoti, kulizunguka sufuria pande zote. Ngiri akazamisha pua. Darasa likazamisha pua. Glu, akafanya Ngiri. Glu glu glu glu glu, likafanya darasa. Na Sange, ambaye hakuwa na nafasi, alipanda juu ya shingo ya Ngiri, akashusha ile pua yake ndefu katikati ya meno mawili ya Kiranja, akavuta. Sruuu.

Ngiri akanyanyua kichwa.

"Nyinyi mnafanya nini?"

Darasa likanyanyua vichwa. "Nyinyi mnafanya nini?"

"...fanya nini?" akasema Kobe, ambaye ndiyo kwanza goti la pili linafika chini.

"Huu uji wangu."

"Huu uji wangu."

"Ondokeni, nitawavunja."

"Ondokeni, nitawavunja."

Ngiri akawatolea macho. Wakamtolea macho. Akakoroma, khrrr. Wakakoroma, khrrr, na Ngedere akakoroma vizuri zaidi yake. Ngiri akaona atumie akili. Akatazama juu mawinguni, kama ameona mwewe. Darasa likatazama juu. Halafu, mbio, akarudisha pua kwenye uji. Mbio, darasa nalo likarudisha pua. Glu. Glu glu glu glu glu. Akainuka, wakainuka. Akainama, wakainama. Yeye anameza funda moja, uji unashuka kwa mafunda ya darasa zima. Hata kama kinywa chako ni kikubwa namna gani, ni kimoja.

Ngiri akashikwa na woga. Akageukia kichuguu, akapaza sauti.

"Mwalimu, wananimalizia uji."

"Mwalimu, wananimalizia uji," likapaza darasa, kwa sauti moja iliyonyooka kama kamba.

Huko kwenye kichuguu Mwalimu Korongo aliacha kikombe hewani. Tangu aanze kufundisha hajawahi kulisikia darasa lile likisema sentensi ndefu namna ile bila kuikata.

"Vizuri sana," akasema kutoka huko. "Neno 'wananimalizia' ni gumu. Rudieni."

"Mwalimu, hili si somo," akalia Ngiri.

"Mwalimu, hili si somo," likalia darasa.

"Safi. Na sauti ya huzuni mmeiweka mahali pake. Endelea hivyohivyo, Ngiri." Akajimiminia chai nyingine.

Ngiri akatazama ndani ya sufuria. Uji uliobaki ulikuwa wa kufunika kitako cha sufuria tu. Akatazama fimbo kwapani. Ikamjia kwamba ugonjwa wote umetoka hapo.

"Siitaki," akasema, akaitupa fimbo mbali.

"Siitaki," likasema darasa, kila mmoja akatupa alichokuwa nacho, huyu jani, huyu kokwa. Kobe hakuwa na cha kutupa, akawa anatafuta. Sange hakutupa kitu. Sange alikuwa ameshateleza kutoka shingoni na kuikimbilia fimbo, na akaisimamisha, nayo ilimzidi urefu mara nyingi, akaikumbatia kama mtu anayepanda mnazi.

"Mikono kichwani," akasema.

"Mikono kichwani," likasema darasa, mikono ikapanda vichwani.

"Midomo fumba."

Darasa likafumba midomo. Likafumba kweli. Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba kwa hofu ya kukosea, mikono yake ikabaki imewekwa mlangoni.

Kimya.

Ngiri akacheka. "Sasa ndiyo vizuri," akasema. Akapiga magoti peke yake, akazamisha kichwa chote mpaka masikio, akaanza kukwangua kitako cha sufuria kwa ulimi. Kwaru kwaru kwaru.

Mwalimu Korongo angeweza kuendelea na chai yake katika kelele ya namna yoyote. Kelele aliizoea. Lakini alipolisikia darasa la kwanza limenyamaza, alijua kuna balaa. Akakiacha kikombe, akaja kwa hatua ndefu, akazunguka ukuta wa matete.

Akakuta watoto wote, ila Sange aliyekumbatia fimbo, wamekaa duara, mikono kichwani, midomo imefumbwa, watulivu kama picha. Na katikati yao, makalio ya Ngiri juu, kichwa kwenye sufuria.

"Ngiri."

Kichwa kikatoka, kimevaa uji.

"Naam, mwalimu."

"Unafanya nini?"

"Uji umeisha, mwalimu. Wameumaliza hawa."

Mwalimu akalitazama duara, mmoja baada ya mwingine, akageuza shingo taratibu.

"Wameumaliza kwa mikono ipi?"

"Walikuwa wananifuatisha. Nikinywa wanakunywa."

"Na sasa hivi ulikuwa unakunywa?"

"Nakwangua tu, mwalimu."

"Mbona hawakwangui?"

Ngiri akawatazama. Uji ukamdondoka kidevuni, to, to.

"Fimbo yangu imefikaje kwa Sange?"

"Niliitupa."

"Uliitupa," akasema Mwalimu Korongo. "Fimbo ya shule. Uliitupa, ukainama, ukala. Kumbe huyu mtoto alinishtakia jambo la kweli, na mimi nikamwambia nimechoka." Akaupokonya upawa. Akatafuta wa kumpa, akampa Kobe, kwa sababu Kobe hata akitamani kuonja, mpaka upawa ufike mdomoni foleni itakuwa imeshakunywa na kwenda kucheza. Ngiri akapelekwa darasani, mbele ya ubao, aanze upya na ba.

Halafu Mwalimu akawageukia watoto. Sange akaishusha fimbo, mikono ikashuka.

"Mmeona alichokifanya Ngiri?"

"Tumeona, mwalimu," wakasema wote. Walijibu. Hawakurudia, walijibu, na Mwalimu Korongo akahisi mwanga umeingia moyoni mwake. Baada ya miaka yote ile.

"Vizuri. Vizuri sana, wanangu. Na je, mtalirudia kosa lile?"

"Tutalirudia, mwalimu."

"...dia, mwalimu."

Mwalimu akakunja miguu yake mirefu, akakaa chini palepale, kwenye majivu.

Jioni Sange akafika nyumbani. Mama yake akampapasa tumbo, halafu akaligonga kwa kidole. Ti, ti. Limekaza kama ngoma.

"Umekula wapi?"

"Shuleni, mama."

Mama yake akaenda kwenye mtungi, akachota unga wa kesho, akaufunga kwenye jani, akauweka karibu na mlango.

Ngano imekwisha. Fundisho mnalitaka? Najua mnalitaka, na nisipolitoa hamtaniacha nipumzike. Fundisho ni hili. Mtoto mwema humtii kiranja wake. Akisema, sema. Akiinama, inama. Akinywa, kunywa, tena kunywa upesi. Mwenye nguvu aheshimiwe hatua kwa hatua na funda kwa funda, asiachwe mpweke hata kidogo. Na darasani msiulize maswali. Mmeona wenyewe, swali moja la Sange, na mnyama mkubwa wa watu amelala na njaa.

*Kwa hiyo tusiulize kabisa?*

Hilo ni swali. Kaa chini.

Mimi hapa nakunja mkeka, mdomo umenikauka.

*Tukuletee maji?*

Leteni. Na asiyaonje mtu njiani.